Namna ya Kuboresha Mwondoko wa Gari la Barabarani kwenye Uwanja wa Dragi

Watu wanaopeleka gari lao la kila siku kwenye uwanja wa dragi, yaani mbio za gari mbili zinazoanza zikiwa zimesimama na kukimbia kwenye njia iliyonyooka, kwa mara ya kwanza huuliza maswali yaleyale: niondoke na mizunguko mingapi ya injini, upepo wa tairi uwe kiasi gani, nizime mfumo wa kudhibiti mtelezo au niuache, na kwa nini gari lenye nguvu ndogo kuliko langu limeniacha pale pale kwenye mstari. Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu wa hatua. Unahusu gari lenye namba za usajili na linalotakiwa kukufikisha kazini Jumatatu, si gari lililojengwa kwa mashindano, na unachukulia kwamba utakimbia kwenye uwanja rasmi, katika zile jioni za majaribio ambazo viwanja vingi vya Marekani, kama Texas Motorplex ulioko Ennis, kusini mwa Dallas, huwafungulia watu wenye leseni na gari zima. Kwenye viwanja vya Ghuba, kama Yas Marina wa Abu Dhabi, taa na vipimo utakavyovikuta ni vya aina hiyohiyo, kwa hiyo hatua hizi zitakufaa huko pia.

Usizijaribu barabarani. Barabara ya umma haina lami iliyopuliziwa gundi, haina kuta za pembeni wala kikosi cha uokoaji, na ina watu wanaovuka.

Jambo moja ulishike tangu sasa: mwondoko hauboreshwi kwa kuongeza nguvu ya injini. Gari nyingi za siku hizi zina nguvu kuliko tairi zake zinavyoweza kuishika lami katika gia ya kwanza, na kazi yako yote ni kuifikisha chini nguvu iliyopo bila kuipoteza kwa tairi kuzunguka bure au kwa injini kulemewa. Kazi hiyo inafanyika katika futi 60 za kwanza, yaani mita 18 na kidogo. Madereva wa dragi hukadiria kwamba sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa hapo, utaokoa kati ya sekunde 0.15 na 0.2 mwishoni mwa robo maili, ambayo ni mita 402.

Jinsi ya kusoma karatasi ya muda

Baada ya kila mkimbio utapewa karatasi yenye namba nyingi, na wanaoanza wengi hutazama ile ya mwisho tu. Wewe tazama tatu. Ya kwanza ni muda wa futi 60, ambao ndio kipimo cha mwondoko wako. Ya pili ni muda wote wa robo maili. Ya tatu ni kasi uliyomaliza nayo, ambayo huonyesha zaidi nguvu ya injini kuliko ustadi wa kuondoka. Ukiona muda wa robo maili umepungua huku kasi ya mwisho ikiwa ileile, ujue umeondoka vizuri zaidi. Ukiona kasi ya mwisho imeshuka pia, basi tatizo linaweza kuwa joto la injini au kubadilisha gia vibaya, na kuhangaika na upepo wa tairi hakutakusaidia.

Muda wa kuitikia taa umeandikwa peke yake kwenye karatasi hiyo na hauingii katika muda wa robo maili, kwa sababu saa ya robo maili huanza pale tairi la mbele linapoondoka kwenye mwale wa mwanga unaokata mstari wa kuanzia, si pale taa ya kijani inapowaka. Ukichelewa sekunde nzima kuondoka, muda wako wa robo maili hautabadilika. Kwa hiyo katika jioni ya majaribio usishindane na taa wala na gari la pembeni. Ngoja ya kijani, vuta pumzi, kisha ondoka kwa utaratibu uliojipangia.

Kwa gari la barabarani lenye tairi za kawaida, muda wa futi 60 kati ya sekunde 2.0 na 2.4 ni jambo la kutarajiwa. Tairi maalumu za dragi zinazoruhusiwa barabarani huweza kuishusha namba hiyo hadi 1.8 au chini ya hapo, na gari la turbo linaloendeshwa na magurudumu yote manne huweza kufika huko hata kwa tairi za kawaida.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Unahitaji geji ya upepo iliyo sahihi, na uitumie hiyohiyo jioni nzima, kwa sababu geji mbili tofauti zinaweza kupishana kwa psi (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo) 2 au 3 na kukuharibia hesabu zote. Beba pampu ndogo ya umeme ya kujazia upepo, jeki, spana ya kukazia nati za magurudumu kwa kipimo, daftari na kalamu. Helmeti iliyoidhinishwa uwe nayo: chini ya kanuni za NHRA, chama cha dragi cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1951, kila dereva anayemaliza robo maili kwa sekunde 13.99 au chini ya hapo lazima aivae, na wapo wenye viwanja wanaomtaka kila mtu aivae bila kujali muda wake. Vaa suruali ndefu, shati na viatu vilivyofunika mguu wote.

Gari lenyewe likaguliwe siku moja au mbili kabla. Nati zote za magurudumu ziwepo na zimekazwa, betri imefungwa imara, hakuna mafuta wala maji yanayovuja, breki ni nzima, mikanda ya usalama inashika. Tazama pia bushi za nyuma na mpira wa kushikia injini, kwa sababu vikiwa vimechoka vitakutesa baadaye kwa namna nitakayoieleza kwenye sehemu ya matatizo. Toa kila kitu kisichofungwa: chupa chini ya kiti, zulia la dereva linaloteleza, mizigo ya buti. Chupa inayobingirika hadi chini ya pedali ya breki katika kasi ya kilomita 160 kwa saa ni hatari kubwa kuliko tairi chakavu.

Hatua za kufuata

1. Fanya mkimbio wa kwanza bila kubadilisha kitu. Acha upepo wa tairi kama mtengenezaji alivyoagiza, acha mfumo wa kudhibiti mtelezo umewashwa, ondoka kwa upole na ukanyage mafuta yote gari likishaanza kutembea. Mkimbio huu unakupa namba ya kulinganishia, na unakupa nafasi ya kuuzoea uwanja, mahali pa kupunguza mwendo na njia ya kurudia. Mtu anayeruka hatua hii hutumia jioni nzima akikisia.

2. Zima kiyoyozi kabla hujaingia kwenye foleni. Kiyoyozi hudondosha maji, na matone machache kwenye mstari wa kuanzia yanatosha kumtelezesha wewe au anayekufuata. Pia hula sehemu ya nguvu ya injini.

3. Punguza upepo wa tairi zinazosukuma gari, kidogo kidogo. Kwa tairi za kawaida zilizokuwa na psi 33, shuka hadi 30 kwanza, ukimbie, kisha 28, ukimbie tena. Lengo ni kuongeza eneo la mpira linalogusa lami. Usishuke chini ya psi 25 kwa tairi za kawaida, hasa zenye ubavu mfupi, kwa maana katikati ya tairi huanza kuinuka na kubaki kingo tu zinazoshika, na juu ya hilo gari huyumba likiwa katika kasi kubwa. Tairi maalumu za dragi zina ubavu laini na hutumia upepo mdogo zaidi, mara nyingi kati ya psi 16 na 20 zikiwa na moto, lakini fuata maelekezo ya aliyezitengeneza. Tairi zisizosukuma unaweza kuziongezea psi chache ili zibingirike kwa urahisi, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

Pima upepo katika hali ileile kila mara. Tairi lililotoka kukimbia huwa na psi 2 hadi 4 zaidi ya lililopoa, na ukipima moja likiwa la moto na jingine likiwa baridi utadhani umebadilisha kitu kumbe hujabadilisha.

4. Zunguka dimbwi la maji, usipite ndani yake. Kabla ya mstari wa kuanzia kuna sehemu iliyomwagiwa maji kwa ajili ya gari zenye tairi laini zisizo na mifereji, ambazo madereva wake huzizungusha humo ili zipate moto. Tairi lako lenye mifereji hubeba maji hayo na kuyamwaga mahali hasa unapohitaji pakavu. Pita pembeni, rudi kwenye njia mbele ya maji, kisha zungusha tairi zinazosukuma kwa sekunde moja au mbili tu ili kuondoa vumbi na kokoto. Kwa tairi za kawaida kuziunguza zaidi ya hapo hakusaidii, kwani mpira wake huanza kutoa mafuta juu na kuteleza zaidi. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne usilizungushe tairi kabisa. Utaiumiza difu ya kati na klachi bila faida.

5. Jipange katikati ya michirizi miwili myeusi. Michirizi hiyo ni mpira ulioachwa na gari zilizotangulia, juu ya gundi ambayo wahudumu huipulizia lami. Tairi likiwa nje yake hata kwa upana wa kiganja, mshiko unapungua sana. Chagua kitu cha kulenga mwisho wa uwanja, usukani uwe umenyooka kabisa, kisha songa mbele.

6. Ingia kwenye mstari polepole. Kwenye nguzo ya taa, ambayo Wamarekani huiita mti wa Krismasi na ambayo imekuwa ikitumika tangu mwaka 1963, taa ndogo za juu kabisa huwaka tairi lako la mbele linapokata mwale wa kwanza. Mwale wa pili, ambao ndio mstari wenyewe, uko inchi 7 mbele yake, takriban sentimita 18. Taa za kwanza zikiwaka, simama. Kisha sogea kwa sentimita chache hadi taa za pili ziwake, na hapo simama kabisa bila kuongeza hata kidogo. Ukisimama mwanzoni mwa mwale wa pili, gari hupata nafasi ndogo ya kuanza kubingirika kabla saa haijaanza, na muda wako wa futi 60 utakuwa mzuri zaidi. Jambo la lazima ni kusimama mahali palepale kila mara, vinginevyo namba zako hazilinganishiki.

7. Ondoka kulingana na aina ya gari lako. Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi.

Gari la gia za mkono linalosukumwa na magurudumu ya nyuma: shikilia injini kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kisha iachie klachi ndani ya nusu sekunde hadi sekunde moja huku ukiongeza mafuta kwa kufuata kasi ya gari, si kwa kukanyaga mara moja hadi chini. Klachi iteleze kwa makusudi mpaka gari lishike mwendo. Mkimbio unaofuata ongeza mizunguko 300, na uendelee hivyo mpaka tairi zianze kuzunguka bure, kisha rudi nyuma hatua moja. Kuuachia mguu wa klachi ghafla ndiko kunakovunja ekseli na difu, na kwa tairi za kawaida hakukupi muda mzuri hata vyuma vikistahimili. Kuzunguka kidogo kwa tairi si vibaya. Ukisikia mlio mrefu na mizunguko ikipanda bila gari kusonga, umezidisha.

Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele, kama Honda Civic: uzito wa gari hulalia nyuma linapoondoka, na hivyo tairi zinazofanya kazi hupunguziwa mzigo wakati zinapouhitaji. Ondoka na mizunguko michache zaidi, kati ya 1,500 na 2,500, na usikanyage mafuta yote mpaka gari limekwisha kunyooka na kushika. Shika usukani kwa mikono miwili, kwani utavutwa upande.

Gari la turbo linalosukumwa na magurudumu yote manne, kama Subaru Impreza WRX, lina tatizo la kinyume: mshiko ni mwingi mno, na ukiondoka na mizunguko 2,000 injini italemewa, turbo haitakuwa imejaza, na gari litatambaa kwa sekunde nzima. Linahitaji mizunguko 3,500 hadi 4,500 na klachi inayotelezeshwa kwa uangalifu. Lakini kwa kuwa tairi hazitelezi, nguvu ya mshtuko huishia kwenye klachi na geaboksi, na geaboksi ya gia tano ya WRX za zamani inajulikana kwa kung'oka meno ya gia kwa mwondoko wa namna hii. Ile ya gia sita ya WRX STI ni imara zaidi. Ukiwa na ya gia tano na unalihitaji gari Jumatatu, kubali kupoteza kiasi kidogo cha muda na uondoke na mizunguko michache.

Gari la otomatiki: kanyaga breki kwa mguu wa kushoto, ongeza mafuta taratibu hadi mizunguko 1,500 au 2,000, na uache pale ambapo tairi zinataka kuishinda breki. Taa ya kijani ikiwaka, achia breki na kamilisha mafuta kwa mwendo mmoja laini. Usilishikilie hivyo zaidi ya sekunde tatu au nne, kwa sababu nguvu yote hiyo inageuka kuwa joto ndani ya mafuta ya geaboksi. Kama gari lako lina geaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ambazo ni nyingi katika gari ndogo za Kijapani, usilishikilie kwa breki kabisa. Ondoka na mizunguko ya kawaida. Kama lina mfumo wa kuondokea uliowekwa na kiwanda, utumie kama kitabu cha gari kinavyosema na upunguze upepo tu, kwa maana mfumo huo una mipaka ya kulinda vyuma ambayo mguu wako hauna.

8. Jaribu kuzima mfumo wa kudhibiti mtelezo baada ya hatua ya 7 kueleweka, si kabla. Ukiwa umewashwa hukata nguvu mara tairi inapoteleza kidogo, na kwa dereva mwenye mguu mtulivu hilo humchelewesha. Kwa asiye na uzoefu bado, mara nyingi humpa muda bora kuliko ule ambao angeupata mwenyewe. Namba zako ziamue.

9. Andika kila kitu na ubadilishe jambo moja tu kwa kila mkimbio. Upepo, mizunguko uliyoondoka nayo, joto la hewa, njia ya kushoto au ya kulia, muda wa futi 60, muda wa robo maili na kasi ya mwisho. Ukibadilisha upepo na mizunguko kwa pamoja, na muda ukapungua, hutajua kipi kilichosaidia. Sijui nidhamu nyingine inayomwinua dereva mpya haraka kuliko hii.

10. Lipoze gari kati ya mikimbio. Fungua boneti na uliache lipumue kwa dakika 15 hadi 20. Klachi iliyotelezeshwa mara tatu mfululizo bila kupumzika huanza kunuka, na harufu hiyo ni ya klachi inayoisha.

11. Jaza upepo kabla ya kuondoka uwanjani. Usiende barabara kuu na psi 27 kwenye tairi linalotakiwa kuwa na 33. Kagua pia nati za magurudumu kwa spana yenye kipimo.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Tairi zinazunguka bure mara tu unapoachia klachi au breki. Punguza mizunguko kwa 300 kwanza. Kama bado, punguza psi 2. Kama bado, tazama kama ulipita kwenye maji au ulisimama nje ya michirizi. Tairi za zaidi ya miaka sita huwa ngumu hata kama mifereji yake ni mirefu, na hapo hakuna marekebisho ya mguu yatakayofidia.

Gari linaondoka vizuri kisha linazama kana kwamba limekata mafuta. Injini imelemewa. Ongeza mizunguko ya kuondokea au itelezeshe klachi kwa muda mrefu kidogo. Kama upepo uliushusha sana, upandishe psi 2. Mshiko uliozidi nguvu ya injini nao huchelewesha.

Magurudumu yanarukaruka na gari linatikisika kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta papo hapo na uachane na mkimbio huo. Mtikisiko wa namna hiyo huvunja ekseli na jointi zake ndani ya sekunde moja. Chanzo huwa ni bushi zilizochoka, shokabu dhaifu, au mpira wa kushikia injini uliokatika, na hurekebishwa gereji, si kwa kujaribu tena.

Muda wa futi 60 ulikuwa mzuri mapema na sasa unazidi kuharibika. Joto limeingia: tairi zimepanda upepo, hewa inayoingia injini imekuwa ya moto, klachi imechoka. Pumzika nusu saa, pima upepo upya, kisha ukimbie.

Kitu kimevunjika au unaona moshi. Sogea pembeni karibu na ukuta, simama, washa taa za hatari na ubaki umefunga mkanda mpaka wahudumu wafike, isipokuwa kama kuna moto. Usiendelee hadi mwisho ukidondosha mafuta, kwa sababu anayekufuata atayapita kwa kasi asiyoweza kuisahihisha.

Gari lilelile lina mwondoko mzito kuliko lilivyokuwa uwanja mwingine. Angalia urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, na ndiyo maana gari lililoondoka kwa wepesi pwani ya Mombasa huonekana limelegea Nairobi, karibu mita 1,700 juu. Bandimere Speedway wa Colorado, uliofungwa mwaka 2023, ulikuwa kwenye urefu unaokaribia huo, na NHRA ina viwango vya kusahihisha muda kwa viwanja vya milimani. Katika sehemu kama hizo ondoka na mizunguko 300 hadi 500 zaidi ya ile uliyoizoea, na ulinganishe namba zako na za uwanja uleule, si za pwani.